Kutofunga na Kutosema: Mambo Mawili Tuliyoyachanganya Wakati wa Korona

Kila inapozuka habari ya maradhi mapya, mazungumzo ya barazani baada ya swala ya Alasiri hurejea palepale. Mmoja atasema kwamba Tanzania ilifanya vyema mwaka 2020 kwa kukataa kuwafungia watu majumbani. Mwingine atamjibu kwamba tuliwazika wazee wetu bila kuambiwa wamekufa kwa maradhi gani. Wa kwanza ataudhika, akidhani anaambiwa kuwa misikiti ilistahili kufungwa. Wa pili naye ataudhika, akidhani anaambiwa kuwa msiba wake ulikuwa uzushi. Wataachana wakiwa wameshikana mikono kwa adabu tu, na juma lijalo wataanza upya.

Sisi tulio katika kamati za misikiti tumeyasikiliza mabishano haya kwa miaka kadhaa sasa, na tunaona kwamba yanazunguka mahali pamoja kwa sababu mambo mawili tofauti yamefungwa katika furushi moja. La kwanza ni uamuzi wa kutofunga. La pili ni uamuzi wa kutosema. Mtu anaweza kuuunga mkono ule wa kwanza kwa hoja nzito, na akaulaumu ule wa pili kwa hoja nzito zaidi, wala asijipinge hata kidogo. Ugomvi uliofuata juu ya chanjo na juu ya aina mpya za kirusi, ambao umeacha nyufa katika familia nyingi, ulizaliwa na jambo la pili, ingawa watu wanaendelea kulijadili la kwanza.

Tuanze na kutofunga. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 mkoani Arusha. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na mikusanyiko ya siasa, michezo na burudani ikazuiwa, lakini nyumba za ibada zikaachwa wazi. Wenzetu wa Kenya walikwenda njia nyingine. Msikiti wa Jamia wa Nairobi ulifunga milango yake, na kuanzia tarehe 27 Machi ikawa hakuna ruhusa ya kutoka nje usiku. Siku hiyohiyo ya kwanza, wasafiri waliokuwa wakikimbilia kivuko cha Likoni kule Mombasa walipigwa marungu na kurushiwa mabomu ya machozi kabla saa ya amri haijafika. Mwezi Mei, katikati ya Ramadhani, mitaa ya Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa, ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, ikazuiwa watu kutoka wala kuingia. Katika Haram Tukufu yenyewe, Hija ya mwaka 2020 iliachiwa wakazi wachache tu wa Saudi Arabia, nasi tukaitazama Al-Kaaba kwenye televisheni ikizungukwa na watu wa kuhesabika.

Je, kufunga misikiti kulikuwa na msingi katika dini? Ulikuwepo. Wanazuoni wa Al-Azhar walitoa rai katika mwezi uleule wa Machi kwamba yafaa kusimamisha Ijumaa na jamaa kwa kuhofia maambukizi, na kila aliyesoma fiqhi hata kwa uchache anajua kwamba mvua na matope tu yalitosha, katika zama za Mtume (SAW), watu kuambiwa waswali majumbani mwao. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kenya hawakukosea kwa kufunga, na hatuoni kwamba waliofungua walikosea kwa kufungua. Lilikuwa jambo la ijtihadi, na ijtihadi hutegemea hali.

Nayo hali ya miji yetu ilikuwa na la kusema. Chukueni nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba vinane, familia nane, uwani choo kimoja na bomba linalotoa maji siku mbili kwa juma. Kumwambia mtu wa nyumba hiyo ajifungie ndani ni kumwambia akae na watu arobaini badala ya kwenda sokoni kukutana na mia. Mama lishe asiyewasha jiko asubuhi hana chakula cha watoto jioni, na kijana wa bodaboda hula kile alichokipata mchana uleule. India ilifunga nchi nzima usiku wa tarehe 24 Machi 2020 kwa tangazo la saa chache, na dunia ikawaona vibarua wa mijini wakitembea mamia ya kilomita kwa miguu kurudi vijijini kwao, wengine wakiwa wamebeba watoto mabegani. Aliyesema kwamba nchi ya watu wanaoishi kwa kipato cha siku haiwezi kuiga hatua za nchi zenye akiba hakuwa mjinga wala mkaidi. Hoja hiyo ina uzito hadi leo, na tungeomba wale wanaoilaumu Tanzania kwa ujumla wake wakae nayo kidogo kabla ya kuitupa.

Lakini hoja ya kutofunga haikuhitaji kufichwa kwa jambo lolote. Hapa ndipo furushi linapofunguka.

Takwimu za mwisho zilizotolewa, kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka mzima. Tarehe 3 Mei, Rais wa wakati ule, marehemu John Pombe Magufuli, aliwaambia wananchi kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi zikiwa na korona, na kuanzia hapo hata kipimo kikawa mtuhumiwa. Nchi ikatangazwa kuwa imeepushwa na maradhi kwa sala na dua. Nasi hatudharau dua, tuliiomba na tunaiomba. Ila maradhi yalipojirudia mwishoni mwa mwaka na kupamba moto mwanzoni mwa 2021, hayakuwa na jina. Matangazo ya vifo yakajaa maneno ambayo hatukuyazoea: marehemu alikuwa na changamoto ya upumuaji, marehemu alipatwa na nimonia. Ikawa mtu anayetamka korona msibani anatazamwa kama aliyetukana wafiwa.

Katika giza hilo, chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza waziwazi kwamba yeye amepimwa na kukutwa na korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wanamkumbuka kwa siasa zake, nasi tunamkumbuka pia kwa tangazo lile, kwa kuwa familia nyingi zilipata kutoka kwake ujasiri wa kutaja jina la ugonjwa uliowatoka watu wao.

Wasomaji watauliza: kutotaja kuna madhara gani, iwapo maiti ni maiti? Waulizeni waosha maiti. Katika misikiti yetu wengi wao ni watu wa umri mkubwa, wanaume na wanawake, wanaoifanya kazi hiyo kwa ajili ya Allah bila ujira. Muosha hukaribiana na maiti kuliko daktari. Humkamua tumbo, humsafisha kinywa na pua, humgeuza ubavu huku na huku, huku maji yakimrukia. Sheria imempa nafasi: akihofia madhara ya kweli huvaa kinga, na hofu ikizidi huruhusiwa kumtayamamisha maiti badala ya kumwosha. Lakini nafasi hiyo haina maana kwa mtu asiyeambiwa. Mwezi ule wa Februari na ule wa Machi waosha maiti waliuliza, kwa sauti ya chini kwenye mlango wa chumba, huyu alikuwa na nini, na jibu likawa ni macho ya wafiwa kuangalia chini. Wapo walioosha wakaugua. Hatuwezi kusema kwa yakini waliambukizwa wapi, na ndiyo hasara yenyewe ya kutosema: hata huzuni inakosa pa kushika.

Kuna kisa katika historia yetu kinachotajwa sana kila linapozuka gonjwa, na mara nyingi hutajwa nusu. Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alikuwa njiani kuelekea Sham alipofika mahali paitwapo Sargh, na makamanda wake wakampokea kwa habari kwamba tauni imeingia katika nchi aendayo. Akataka shauri la Muhajirina, kisha la Ansari, kisha la wazee wa Kikureishi. Wakakhitalifiana. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda bin Jarrah (RA) akampinga, akiona kwamba huko ni kukimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwamba wanaikimbia kadari moja kuiendea nyingine, iliyo ya Mungu vilevile. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (RA) na hadithi ya Mtume (SAW) inayokataza kuingia katika nchi yenye tauni na kukataza kuikimbia kwa aliyemo ndani yake. Umar akarudi Madina. Abu Ubayda akabaki Sham, na tauni ya Amwas ikamchukua katika mwaka wa 18 Hijria.

Wahubiri wa kufunga humtaja Umar, na wahubiri wa kutofunga humtaja Abu Ubayda. Kisichotajwa ni kwamba masahaba wale watukufu walitofautiana juu ya uamuzi, hawakutofautiana juu ya habari. Waliotoka Sham walisema kilichokuwapo Sham. Hakuna aliyemwambia Amirul-Muuminina kwamba ni mafua ya msimu.

Tuje kwenye chanjo. Kenya ilipokea dozi zake za kwanza mapema Machi 2021. Kwetu, tarehe 27 Januari ya mwaka huohuo Rais alikuwa amesimama Chato na kuwatahadharisha wananchi juu ya chanjo za wageni, na siku chache baadaye Waziri wa Afya, Dkt. Dorothy Gwajima, alisema wizara yake haina mpango wa kupokea chanjo ya korona, akaonesha namna ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu na malimao. Mwezi Machi Rais alifariki. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, kamati ikashauri chanjo ziingizwe, na mwezi Julai zikawasili dozi 1,058,400 za Janssen. Tarehe 28 Julai Rais alichanjwa hadharani. Waziri alikuwa yuleyule. Wizara ilikuwa ileile. Yaliyobadilika ni maneno, na hapakutoka mtu wa kueleza ni kitu gani kilijulikana mwezi Julai ambacho hakikujulikana mwezi Januari. (Aliyeongoza upinzani dhidi ya chanjo, Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe, alishiriki jina la ukoo na Waziri, jambo lililowachanganya wazee wetu wasiofuatilia siasa kwa karibu: walisikia Gwajima anasema chanjweni, na Gwajima anasema msichanjwe.)

Misikiti iliombwa itangaze. Tukatangaza, na tukasoma nyuso za watu. Mzee mmoja aliuliza kwa upole baada ya Ijumaa: mwezi wa kwanza tuliambiwa ni sumu, sasa tunaambiwa ni dawa, je, mwezi wa kumi na mbili tutaambiwa nini? Hilo halikuwa swali la mtu aliyedanganywa na video za simu. Lilikuwa swali la mtu mwenye kumbukumbu.

Yalikuwepo maswali mengine, nayo yalistahili jibu la heshima zaidi ya kukejeliwa kuwa ni uzushi. Waislamu waliokumbuka kwamba mwaka 2011 shirika la kijasusi la Marekani liliendesha kampeni ya bandia ya chanjo ya homa ya ini mjini Abbottabad, Pakistan, katika kumsaka Osama bin Laden, hawakuwa wakibuni. Jambo hilo lilitokea, na liliwaponza watoa chanjo wa polio wasio na hatia. Waliouliza juu ya kuganda kwa damu nao walikuwa na msingi: Marekani yenyewe iliisimamisha Janssen kwa siku kadhaa mwezi Aprili 2021 kuchunguza hatari hiyo, ikaona ni nadra sana, ikairejesha pamoja na onyo. Habari hiyo ingeelezwa hivyohivyo mimbarini, kwamba hatari ipo, ni ndogo, na hii hapa ikilinganishwa na hatari ya ugonjwa wenyewe kwa mtu wa miaka 60, wengi wangeielewa. Watu wetu hupima hatari kila siku: mvuvi huipima bahari na mama mjamzito huupima umbali wa hospitali.

Kisha swali la halali na haramu. Hapa tunatoa mfano wa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote, kwa sababu ulitufaa sana katika darsa. Baraza la maulamaa la huko liliichunguza chanjo ya Sinovac mwezi Januari 2021, likasema ni halali na tohara. Ilipofika ya AstraZeneca mwezi Machi, baraza likasema kwamba kwa rai yake kimeng'enya cha nguruwe kilitumika katika utengenezaji, kwa hiyo si halali kwa asili, ila inaruhusiwa kwa dharura kwa kuwa maradhi yanaua na chanjo nyingine hazitoshi. Watengenezaji walikanusha kuwepo kwa kitu cha nguruwe. Mtu anaweza kuchukua rai hii au ile, au kushika kanuni ya istihala, kwamba kitu kikibadilika kabisa dhati yake hukmu yake hubadilika. Lililotuvutia ni kwamba maulamaa wale hawakuwaambia waumini wao nyamazeni mchanjwe. Walitaja wanachokiona kibaya, wakataja sababu ya kukiruhusu.

Aina mpya za kirusi ndizo zilizokuja kuvuruga hesabu ya kila mtu. Kirusi kikijizalisha ni kama mnukuzi anayenakili kitabu kwa mkono usiku kucha: makosa hayakosi kuingia. Mengi hayana athari, machache huifanya nakala mpya isambae upesi au ikwepe kinga. Afrika Kusini iliitangaza aina iliyoitwa Beta mwezi Desemba 2020, na Februari iliyofuata ikasitisha AstraZeneca baada ya utafiti mdogo kuonesha haizuii vizuri ugonjwa mwepesi wa Beta, ikaanza kuwachanja watumishi wake wa afya kwa Janssen. Delta, iliyoonekana kwanza India, ilileta wimbi la katikati ya 2021, na India ikazuia chanjo zake kutoka nje wakati nchi maskini zikizingoja. Novemba ya mwaka huo wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana wakatoa habari ya Omicron, na tuzo yao ilikuwa ni kufungiwa safari za ndege na mataifa tajiri ndani ya siku chache. Waliosema walipata adhabu. Tunakiri kwamba jambo hilo liliwapa nguvu watetezi wa ukimya.

Hata hivyo ukimya nao ulitufikisha pabaya. Mapema mwaka 2021 ni Angola iliyogundua, kwa kuwapima wasafiri waliotoka Tanzania, aina ya kirusi yenye mabadiliko mengi mno. Watu wengine walikuwa wakisoma habari za miili yetu kwenye viwanja vyao vya ndege, na sisi wenyewe hatuna.

Kadiri kirusi kilivyobadilika, ndivyo wataalamu walivyobadili kauli: dozi moja inatosha, kisha haitoshi, chanjo inazuia maambukizi, kisha inazuia zaidi ugonjwa mkali na kifo kuliko maambukizi. Watu wengi waliona hayo ni ushahidi wa uongo. Sisi Mashafii tungepaswa kuwa wa mwisho kuona hivyo. Imamu wetu Shafii alikuwa na rai zake za Iraq, akahamia Misri, akazipitia upya, na nyingi akaziacha. Madhehebu yakahifadhi zote mbili, ya kale na mpya, na wanafunzi hufundishwa hadi leo ipi iliachwa na kwa dalili gani. Hakuna aliyemwita mwongo, kwa sababu rai mpya ilikuja na dalili yake mkononi. Nchini kwetu rai mpya ya chanjo ilikuja peke yake. Na mwaka 2022, kampeni ilipotoka hospitalini na kwenda nyumba kwa nyumba, sokoni na mnadani, ikiongozwa na watu wanaojulikana kwa majina wanaoweza kuulizwa wakajibu, idadi ya waliochanjwa ikapanda kwa kasi ambayo matangazo ya mwaka uliotangulia hayakuifikia.

Wapo waliokwishalipa gharama isiyorudishwa. Saudi Arabia ilipofungua tena Hija kwa mahujaji wa nje mwaka 2022, iliweka masharti, yakiwemo haya mawili: awe amekamilisha chanjo, na awe chini ya miaka 65. Wazee waliokuwa wameweka akiba ya mauzo ya korosho na ya ng'ombe kwa miaka kumi, wakasubiri 2020, wakasubiri 2021, wakajikuta sharti la chanjo linawezekana kwa siku moja na sharti la umri haliwezekani kamwe. Sharti la umri liliondolewa mwaka uliofuata. Baadhi yao hawakuufikia.

Tunayaandika haya kwa kuwa jambo lenyewe halijapita. Katikati ya Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa kwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, ambako ulikwisha kuzuka na kuua mwaka 2023. Wizara ikajibu kwamba sampuli hazikuwa na kirusi hicho. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kwamba upo. Ukilinganisha na mwaka mzima wa 2020, siku zile chache ni hatua kubwa mbele, na tunaishukuru. Lakini Marburg huambukiza kwa majimaji ya mwili, na maiti ya Marburg ni hatari kwa muosha kuliko ya korona mara nyingi.

Kwa sababu hiyo kamati yetu imeliweka suala hili katika ajenda ya kikao kijacho, kabla ya hesabu za ukarabati wa choo ambazo zimengoja muda mrefu. Tunakusudia kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya tukiomba kwamba wakati wowote panaposhukiwa mlipuko, waosha maiti wa misikiti waarifiwe siku ileile, kwa simu, kabla ya matangazo ya redio, na wafundishwe lini waoshe kwa kinga na lini watayamamishe. Boksi za glavu, aproni na barakoa zitawekwa kwenye kabati la sanda, na ufunguo atakuwa nao muosha mwenyewe, mmoja upande wa wanaume na mmoja upande wa wanawake. Familia zitakazofiwa tutaziomba, kwa siri na kwa heshima ya maiti wao, zimwambie muosha walichoambiwa na daktari. Misikiti mingine yenye utaratibu kama huu tunaiomba ituandikie kupitia gazeti hili, hasa iliyopo Kagera.